Waonjaji wa Mifumo Isiyoiva

Kampuni ya kompyuta inapotoa mfumo wake endeshi kwa majaribio kabla ya kuuza, jambo la kwanza kutangazwa huwa ni hesabu ya watu: laki moja wamenunua, milioni moja wamepakua kwa siku moja, mamilioni wamejiandikisha. Hesabu hiyo hutolewa kama dhamana. Mnunuzi anaachiwa aamini mwenyewe kwamba mfumo uliopita mikononi mwa watu wengi kiasi hicho hauwezi kubaki na kasoro kubwa. Historia ya miaka thelathini na ushei haiungi mkono imani hiyo. Ukiipitia toleo baada ya toleo, utakuta kwamba majaribio yaliyozaa matunda yalitofautiana sana kwa idadi ya wajaribu, na mengine yalikuwa na watu wachache wa kujuana kwa majina. Kilichoyaunganisha ni ufupi wa njia iliyotoka kwa aliyeona kasoro hadi kwa fundi mwenye uwezo wa kuirekebisha. Njia ilipokuwa ndefu, au ilipozibwa kwa makusudi, wingi haukufaa kitu. Mchuzi unaweza kuonjwa na nyumba nzima, lakini mwenye mwiko asiposikia neno "chumvi", utapakuliwa vilevile ulivyo.

Majina tunayotumia kwa matoleo haya, alfa na beta, ni herufi mbili za kwanza za Kigiriki, na asili yake mara nyingi hutajwa kuwa desturi za upimaji za kampuni ya IBM, tangu enzi za mashine zilizojaza chumba kizima. Matumizi yaliyobaki ni mepesi kueleza: alfa hupimwa ndani, na waliotengeneza, beta hutoka nje, kwa watu ambao hawakuitengeneza na wasiojua wapi pa kuikwepa. Faida ya beta iko hapo. Fundi hujua kitufe fulani hakibonyezwi kabla ya kile kingine, kwa hiyo habonyezi. Mgeni hubonyeza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulianza bila kampuni. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, akiwaambia anatengeneza mfumo wake kama mchezo tu wa kujifurahisha, na akawauliza wanapenda nini na wanachukia nini katika Minix. Zingatia mpangilio huo: swali limewafikia watu kabla ya bidhaa. Mwezi uliofuata aliweka toleo la 0.01 kwenye seva ya Ufini ili anayetaka achukue. Lilikuwa na mistari elfu kumi hivi ya msimbo, na halikuweza hata kujisimamia, kwani aliyelitaka alihitaji Minix ili kulijenga. Torvalds mwenyewe aliendelea kutegemea Minix hadi siku alipokusudia kupiga simu kwa modemu kwenda kwenye kompyuta ya chuo, akakosea jina la kifaa, na amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski yake. Sehemu ya Minix ikaharibika. Angeweza kuisakinisha upya. Aliamua kuhamia moja kwa moja kwenye mfumo wake ambao haujaiva. Tangu hapo mpishi akawa anakula chungu kimoja na waonjaji wake.

Waonjaji hao walikuwa wachache, lakini walisikika. Mwishoni mwa 1991 mtumiaji mmoja wa Ujerumani alikuwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 2 tu, nayo haikutosha kujenga kiini cha Linux. Torvalds mwenyewe alikuwa na megabaiti 4 na hakuwa na shida hiyo. Hata hivyo, katika siku za Krismasi aliandika sehemu inayouwezesha mfumo kuazima nafasi kwenye diski pale kumbukumbu inapojaa, na sehemu hiyo ikatoka na toleo la 0.12 mwezi wa Januari 1992. Minix haikuwa na uwezo huo. Mtu mmoja, mashine moja dhaifu, ombi moja. Na mfumo mzima ukapiga hatua. Hakuna kura iliyopigwa kuamua kama tatizo la mwenye megabaiti 2 linawahusu watu wa kutosha. Pengine kura ingepigwa, angeshindwa.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa mchezo wa wapenzi wa kompyuta, na kwamba njia fupi huwezekana tu pale kijiji kinapokuwa kidogo. Ni hoja nzito, na Linux yenyewe ililazimika kuijibu ilipokua. Toleo la 1.0, la Machi 1994, lilikuwa na mistari zaidi ya 176,000, na watumiaji hawakuwa tena watu wa kujuana. Baada ya hapo ukawekwa utaratibu wa namba: tarakimu ya pili ikiwa shufwa, toleo ni tulivu, ikiwa witiri, ni la majaribio, na anayelichukua ajue amechukua moto. Utaratibu huo ulikuwa mzuri kwa uungwana wake, maana ulimwambia mtu kwa tarakimu moja tu kama yeye ni mteja au ni mwonjaji. Haukuwa kinga. Novemba 2001 toleo la 2.4.15, lenye namba shufwa, lilitoka na kasoro iliyoweza kuharibu mpangilio wa mafaili diski ilipofungwa, yaani wakati mtu anazima kompyuta yake kwa utaratibu kama alivyofundishwa. Siku chache tu baadaye 2.4.16 ikatoka kuliponya. Namba ya shufwa haikuzuia kosa, ila kelele za waliolikuta zilimfikia anayeshika kiini kabla ya wengi kulisakinisha. Kijiji kilikuwa kimekuwa mji, na njia ilikuwa bado fupi kwa sababu wenyewe waliilinda.

Miaka michache kabla ya kosa hilo, mwaka 1997, mwandishi wa programu Eric Raymond alikuwa ameigeuza hali hii kuwa kanuni, akaipa jina la Torvalds: macho yakiwa mengi ya kutosha, hakuna kasoro inayojificha. Kanuni hiyo imerudiwa mno hata nusu yake ya pili ikasahaulika, kwamba macho ya Linux yalikuwa ya watu walioweza kuufungua msimbo na kuonyesha mstari wenye kosa. Kampuni zilichukua neno "mengi" na kuacha neno "macho".

Apple ilichukua njia ya kati, na ya kushangaza kidogo. Tarehe 13 Septemba 2000, jijini Paris, mkuu wake Steve Jobs alitangaza toleo la majaribio la Mac OS X kwa umma, kwa bei ya dola 29.95. Mtu alilipia kasha lenye diski ya mfumo ambao kampuni yenyewe ilikiri haujakamilika, na ambao ulipangiwa kuacha kufanya kazi Mei 2001. Wapo waliocheka: umeona wapi mwonjaji anatozwa hela jikoni? Lakini ada hiyo, iwe ilikusudiwa hivyo au la, ilichuja. Aliyelipa alikuwa na haja, na aliyekuwa na haja alisema. Apple ilisema zaidi ya nakala 100,000 zilinunuliwa na maoni zaidi ya 75,000 yakaandikwa. Uwiano huo wa maoni kwa nakala unastahili kutazamwa kuliko idadi yenyewe.

Jambo moja lililowachoma watumiaji wa zamani wa Macintosh lilikuwa tufaha. Kwa miaka mingi tufaha dogo lililokuwa kwenye kona ya kushoto ya mstari wa juu lilikuwa menyu: ukilibonyeza, hufunguka. Katika toleo la majaribio lilihamishiwa katikati ya mstari, likapakwa buluu, na likawa pambo tu. Ulibonyeza, kimya. Mkono uliozoea kona kwa miaka kumi na mitano ulikwenda pale ukakuta hakuna kitu. Malalamiko yakamiminika, na Januari 2001 Jobs alipoonyesha mfumo tena, tufaha lilikuwa limerudi kushoto likiwa na menyu yake. Toleo la 10.0 lilipotoka Machi 24 kwa dola 129, aliyenunua beta alipunguziwa takriban alichokuwa amelipa. Kumbe hata Apple, kampuni yenye sifa ya kutosikiliza mtu katika suala la sura ya vitu vyake, iliweza kusikia.

Iliweza kusikia baadhi ya mambo, lakini. Wajaribu walewale walisema pia kwamba mfumo ni mzito, madirisha yanakokotwa, programu zinachelewa kufunguka. Toleo la 10.0 likatoka likiwa bado zito, tena bila uwezo wa kucheza DVD, na iliwabidi wanunuzi wasubiri 10.1 ya mwezi wa Septemba, iliyotolewa bure. Tofauti kati ya tufaha na uzito ni ya kazi. Kurudisha menyu ni kazi ya wiki chache. Kuharakisha mfumo mzima ni kazi ya mwaka, na tarehe ya kuuza ilikwishapangwa. Toleo la majaribio linalotolewa miezi sita kabla ya soko linaweza kubadilisha mapambo na kuziba matundu. Msingi ukishamwagwa, mwonjaji amechelewa.

Kwa upande wa Microsoft, majaribio ya umma yalikuwa tayari yamegeuka kuwa sherehe. Windows 95, iliyojulikana jikoni kwa jina la Chicago, ilipita kwa mamia ya maelfu ya wajaribu kabla ya kuzinduliwa tarehe 24 Agosti 1995, na tangu hapo beta ikawa sehemu ya matangazo sawasawa na ilivyo sehemu ya upimaji. Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Januari 2009, toleo la majaribio la Windows 7. Kampuni ilipanga kutoa nakala milioni 2.5 tu, watu walivamia seva hadi zikaelemewa, na kikomo kikaondolewa. Aliyefaulu kusakinisha alikaribishwa na picha ya samaki mmoja kwenye skrini, samaki mpiganaji wa Siam, ambaye kwa Kiingereza jina lake ni betta. Mzaha mzuri. Chini ya samaki huyo kulikuwa na kasoro iliyoweza kukata sekunde za mwanzo za nyimbo za MP3 zilizobeba maelezo mengi au picha za jalada, nayo ikapewa kiraka mara moja.

Kasoro iliyojaribu masikio ya kampuni ilikuwa nyingine. Windows 7 ililegeza lile onyo linalomuuliza mtumiaji kabla ya mabadiliko makubwa, kwa kuwa katika Vista, toleo lililotangulia, lilikuwa limewachosha watu. Katika beta, mtumiaji alipobadilisha mipangilio ya Windows yenyewe, onyo lilinyamaza. Wajaribu wawili wakagundua kwamba kiwango cha onyo nacho ni mpangilio wa Windows. Wakaandika programu fupi iliyojifanya vidole vya mtu: ilifungua ukurasa wa mipangilio, ikabonyeza vitufe, ikashusha kiwango hadi chini kabisa, na mlinzi akaondoka lindoni bila kuuliza aliyemruhusu ni nani. Jibu la kwanza la Microsoft lilikuwa kwamba mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Kelele zikazidi, na tarehe 5 Februari 2009 wakuu wa kitengo, akiwemo Steven Sinofsky, wakatangaza kwamba ukurasa huo utalindwa na kwamba kubadilisha kiwango kutahitaji idhini. Ilichukua siku chache, na waliogundua walikuwa wawili kati ya mamilioni. Mamilioni wengine walikuwa wakimtazama samaki.

Sinofsky huyohuyo ndiye aliyeongoza Windows 8, na ndiyo maana matoleo haya mawili yanafaa kuwekwa pamoja: msikilizaji ni mmoja. Toleo la kwanza lilitolewa kwa waandishi wa programu Septemba 2011. Kitufe cha Start kilikuwa bado kwenye kona yake, ila ukikibonyeza kilikutupa kwenye skrini nzima ya vigae vilivyotengenezwa kwa vidole vya tableti. Wajaribu wakatafuta mlango wa nyuma na kuupata: thamani moja kwenye daftari la mipangilio ya mfumo, ukiigeuza, menyu ya zamani hurudi. Habari ikaenea. Huo ulikuwa ujumbe usiohitaji mkalimani, maana watu walipekua hadi kwenye mifupa ya mfumo ili kurudishiwa walichopokonywa. Mnamo 29 Februari 2012 toleo la watumiaji wa kawaida likatangazwa Barcelona, likapakuliwa mara milioni moja siku ya kwanza. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa, na kitufe chenyewe kimeondolewa.

Hapa lazima kampuni isikilizwe, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kijinga. Timu ya Sinofsky ilieleza kwa kirefu, kwa takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye kompyuta za watumiaji, kwamba matumizi ya menyu ya Start yalikuwa yakishuka kwa kuwa watu walikuwa wanabandika programu zao kwenye mstari wa chini. Tena wajaribu wa beta si watu wa kawaida. Ni wazoefu, wenye mazoea magumu, wanaochukia kila kinachohama. Ukimtii kila mzoefu, hutabadilisha kitu. Hoja hii ni kweli kwa sehemu. Kinachoikwamisha ni kwamba takwimu zilihesabu vidole na kuwaacha wenye vidole. Mtu anayefungua menyu mara mbili kwa siku, mara ya kwanza kutafuta programu asiyoijua ilipo na mara ya pili kuzima kompyuta, anaonekana kwenye jedwali kama mtu asiyeihitaji. Malalamiko ya wajaribu yalikuwa yakieleza hasa kile ambacho jedwali halikuweza kuonyesha. Soko lilithibitisha nani alikuwa sahihi. Windows 8 iliuzwa kuanzia 26 Oktoba 2012, Sinofsky akaondoka Microsoft mwezi uliofuata, na tarehe 17 Oktoba 2013 toleo la 8.1 likakirudisha kitufe. Menyu yenyewe ilisubiri Windows 10 ya 2015. Watu waliyasema hayo mapema, bure, na kwa milioni.

Ikumbukwe pia ni akina nani waliokuwa ndani ya milioni hiyo. Toleo la Barcelona lilitolewa kwa lugha tano: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani na Kichina. Faili lake la biti 64 lilikaribia gigabaiti 3 na nusu. Mwenye duka la intaneti Mwanza au Mombasa, ambaye kompyuta zake kumi zingehamia mfumo huo siku moja, alihitaji kulipia bando la kulipakua na kisha kuandika malalamiko yake kwa lugha ya mwingine. Wingi unaotangazwa huwa umechujwa kabla haujahesabiwa.

Baada ya kipigo cha Windows 8 Microsoft iliahidi kusikiliza kuliko wakati wowote. Mwisho wa Septemba 2014 ilianzisha mpango wa Windows Insider, ambao yeyote angeweza kujiunga, kupokea matoleo mabichi mara kwa mara na kutuma maoni kupitia programu maalumu, ambayo baadaye iliitwa Feedback Hub. Mamilioni walijiunga. Katika kipindi hichohicho kazi ya upimaji ndani ya kitengo cha Windows ilikuwa inaunganishwa na kazi ya waandishi wa msimbo, na wapimaji wa kuajiriwa wakapungua. Kwa maneno mengine, njia ya zamani ilifinywa huku mpya ikipanuliwa, na njia mpya ilikuwa na mlinzi wa aina yake: kura. Taarifa iliyopigiwa kura nyingi ilipanda juu ikaonwa. Isiyopigiwa ilizama.

Tarehe 2 Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10, toleo la 1809, likaanza kutolewa, bila kupitishwa kwanza kwenye lile kundi la wajaribu ambalo kwa kawaida huwa la mwisho kabla ya umma. Ndani ya siku chache watu wakaanza kusema kwamba mafaili yao yamefutika: picha, hati, muziki, miaka ya kazi. Kufikia tarehe 6 sasisho lilikuwa limesimamishwa. Maelezo ya Microsoft ya tarehe 9 Oktoba yanastahili kusomwa polepole. Windows humruhusu mtu kuhamishia folda kama ile ya hati kwenye diski nyingine, mathalani kutoka C iliyojaa kwenda D yenye nafasi. Baadhi ya watu walihamisha folda na kuacha mafaili ya zamani palepale yalipokuwa. Sasisho la Aprili mwaka huo lilikuwa limewazalishia watumiaji wa aina hii folda za ziada, tupu, zenye majina yaleyale. Watu wakalalamika. Microsoft, kwa kuitikia malalamiko hayo, ikaandika msimbo wa kuzifuta folda rudufu tupu. Msimbo huo ukakutana na badiliko jingine katika sasisho, na kwa pamoja vikafuta folda za zamani pamoja na vilivyomo. Fagio lililotumwa kuondoa vikapu vitupu likazoa na vilivyojaa.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba kampuni haikusikia kabisa. Ilisikia kero ndogo iliyolalamikiwa na wengi. Haikusikia msiba uliolalamikiwa na wachache, kwani katika wiki na hata miezi iliyotangulia kulikuwa na wajaribu walioandika ndani ya Feedback Hub kwamba mafaili yao yametoweka baada ya kusasisha. Taarifa zao hazikuwa na kura. Na zingepata wapi? Hitilafu yenyewe, kwa hesabu ya Microsoft, iliripotiwa katika asilimia 0.01 ya usakinishaji, yaani mmoja kati ya elfu kumi. Aliyepoteza mafaili hakuwa na jirani wa kumuunga mkono.

Hapo ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote linapoingia. Kasoro ya mmoja kwa elfu kumi, mtu atasema, haiwezi kuonekana na kundi dogo. Inahitaji mamilioni, na bila mamilioni isingeripotiwa kamwe. Ni sahihi. Mchanganyiko wa mashine, viendeshi na mazoea ya watu duniani hautoshei kwenye maabara yoyote, na wingi ndio unaoufikia. Lakini ukilikubali pingamizi hilo, ukubali na linachobeba mgongoni: katika 1809 wingi ulifanya kazi yake yote. Uliiona kasoro adimu na kuiandika kabla ya siku ya kutolewa. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mtu mmoja anayelipwa kusoma taarifa zisizo na kura, mwenye kujua kwamba "faili zangu hazipo" ni sentensi isiyosubiri wa pili kuisema. Yule Mjerumani wa megabaiti 2 alimpata mtu huyo. Wajaribu wa 2018 walipata orodha.

Sasisho lilirudi tarehe 13 Novemba 2018. Feedback Hub nayo iliongezewa sehemu mpya katika fomu yake, ambapo anayeripoti hitilafu huulizwa pia ni nzito kiasi gani.